Je, kompyuta inaweza kumtambua msindikizaji katika kazi ya kundi?

Swali: Ninafundisha saikolojia ya elimu katika chuo kimoja cha kanda ya kati, Tanzania. Muhula huu nina wanachuo 160 niliowagawa katika makundi 32 ya watu watano watano. Kila kundi linajadili kesi za darasani, mengine ndani ya Moodle, lile jukwaa letu la masomo mtandaoni, mengine yamehamia WhatsApp. Jumbe zimefika maelfu na siwezi kuzisoma zote. Mwenzangu ameniambia kuna programu zinazosoma mijadala na kuonyesha nani anachangia kweli na nani anasindikiza tu. Je, zipo? Zinakiweza Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza? Na naweza kuzitumia kutoa alama?

Jibu: Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kumuumiza mwanachuo: alama usizitoe kwa programu. Kuhusu hayo mawili ya mwanzo, programu zipo, na hata kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya zitakufaa ukikubali kufanya kazi ya awali kwa mkono wako. Kompyuta ikuonyeshe mjadala upi uusome wiki hii, halafu uusome wewe na uamue wewe.

Tuanze na kile ambacho tayari unacho. Moodle inakuhesabia nani kaandika mara ngapi na lini. Walimu wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapowadhulumu watu. Katika makundi mengi anayeongoza kwa idadi ya jumbe ni yule mratibu: "Jamani kesho saa ngapi?", "Nani ana ile PDF?", "Bado watu wawili hawajaweka majina." Kazi yake ni ya maana na bila yeye kundi halisogei, lakini haikuambii kama ameelewa somo. Upande wa pili yupo binti anayeandika mara mbili kwa wiki, na kila akiandika mjadala unageuka. Hesabu ya jumbe inamweka mkiani.

Unachopaswa kukitafuta ni kama mwanachuo anaipokea hoja ya mwenzake na kuifanyia kazi. Wazo hili lina historia ndefu kuliko intaneti ya majumbani. Mwaka 1983 Marvin Berkowitz na John Gibbs, waliokuwa wakichunguza vijana wanavyojadiliana masuala ya maadili, walionyesha kwamba faida ya mjadala inakuja pale kauli ya mmoja inapofanya kazi juu ya fikra ya mwingine: kuipanua, kuihoji, kuonyesha pengo lake, kuiunganisha na nyingine. Huko Uingereza Neil Mercer, aliyesikiliza kwa miaka mingi watoto wakifanya kazi pamoja madarasani, alitofautisha mazungumzo ya aina tatu: ya kubishana tu, ya kurundika makubaliano bila kuhojiana, na ya kuchunguza jambo kwa pamoja. Kwa uzoefu wangu, makundi yetu ya vyuoni yanazama zaidi katika ile aina ya pili. Watu wanaheshimiana, hawataki kuaibishana, na mjadala unaisha kwa "pamoja sana".

Nitoe mfano wa somo lako. Tuseme kesi inamhusu mtoto wa darasa la tano aliyekuwa mzuri wa hisabati, akafeli mitihani miwili, na sasa anasema "hesabu si zangu, hata baba alikuwa hivi hivi." Mwanachuo wa kwanza anaandika kwamba mtoto anahusisha kufeli kwake na kipaji, na kwamba kwa nadharia ya Bernard Weiner hicho ni kisababishi cha ndani kisichobadilika. Wa pili akijibu "Nakubaliana nawe kwa asilimia mia", hakuna kilichoongezeka. Akijibu "Sawa, ila aliyemfundisha kujiona hivyo ni baba. Mwalimu akianza na mtoto bila kumwita mzazi atakuwa anateka maji kwa pakacho", hapo kuna kazi iliyofanyika juu ya hoja ya mwenzake. Ushike mfano huu wa pakacho, nitaurudia.

Watafiti wametunga miongozo mingi ya kuainisha jumbe za namna hii. France Henri wa Kanada alitoa wake mwaka 1992. Charlotte Gunawardena na wenzake walitoa mwaka 1997 mwongozo wenye hatua tano, kuanzia kupashana habari hadi kukubaliana juu ya maarifa mapya na kuyatumia. Wenye kutumika zaidi leo ni ule wa Garrison, Anderson na Archer, unaotazama fikra za kundi zikipita hatua nne: kichocheo, uchunguzi, uunganishaji, utatuzi. Yote ni mizuri kwa tafiti. Kwa mwalimu mmoja mwenye makundi 32 mimi napendekeza aina nne tu, zilizokatwa kulingana na unachotaka kujua: uratibu na salamu; hoja mpya; kukubali tu; na kuifanyia kazi hoja ya mwenzako. Aina zikizidi hapo, wewe mwenyewe utaanza kuyumba, na mwalimu akiyumba mashine itajifunza kuyumba kwake.

Sasa ile kazi ya awali. Chukua jumbe kama 300 kutoka makundi tofauti na wiki tofauti, uziweke kwenye jedwali, moja kila mstari. Mpe mwenzako nakala. Kila mtu aainishe peke yake, bila kuulizana, kisha mlinganishe. Msiridhike na asilimia za kukubaliana, kwa maana zinadanganya. Tuseme mnaziweka jumbe katika mafungu mawili tu, "imefanyia kazi hoja ya mwenzake" na "haijafanya", na kila mmoja wenu ameziweka asilimia 80 katika "haijafanya". Hata kama kila mtu angegawa kwa kubahatisha, mngekubaliana kwa asilimia 68: 0.8 mara 0.8, jumlisha 0.2 mara 0.2. Kwa hiyo mkikuta mmekubaliana kwa asilimia 80, sehemu kubwa ni bahati. Kipimo kiitwacho kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kinaiondoa bahati hiyo: 0 ni bahati tupu, 1 ni kukubaliana kikamilifu. Hapa ni 0.80 toa 0.68, gawanya kwa 0.32, unapata karibu 0.38. Hiyo ni ndogo. Rudini mezani, zungumzeni kila ujumbe mliotofautiana, andikeni upya maelezo ya aina zenu, kisha mchukue jumbe nyingine. Ukifika 0.7 hivi unaweza kuanza kufikiria mashine.

Nimekaa sana hapa kwa sababu hapa ndipo walimu wanapotaka kuruka. Mtu anataka apakue programu, aingize jumbe, atoe majina. Lakini mashine haina habari na unachokiita mchango mpaka umwonyeshe mtu mwingine na mtu huyo akakuelewa.

Mashine inafanya nini hasa? Kwa ufupi, inachukua jumbe mlizoainisha, inatafuta dalili zinazoambatana na kila aina, kisha inakisia aina za jumbe ambazo haijaziona. Carolyn Rosé wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na wenzake walichapisha mwaka 2008 kazi iliyofungua njia hii katika uwanja wa kujifunza pamoja kwa kompyuta. Data yao ilikuwa mijadala ya wanachuo iliyoandikwa kwa Kijerumani, na wanachuo hao walikuwa wakijadili kesi kwa kutumia nadharia ile ile ya Weiner unayoifundisha wewe. Pale Bucharest, Romania, Stefan Trausan-Matu na Mihai Dascalu wamefuata njia nyingine: wanaufuatilia mjadala kama sauti nyingi zinazopokezana, wakitazama wazo linavyoanza kwa mmoja na kujitokeza tena kwa wengine. Nia Dowell, Tristan Nixon na Arthur Graesser nao walitoa mwaka 2019 vipimo vya namna mshiriki anavyoyajibu ya wenzake, anavyoleta jipya, na jinsi wengine wanavyoyachukua aliyoyasema. Kwa swali lako la msindikizaji, vipimo hivi vinakaribia zaidi kuliko hesabu yoyote ya jumbe, kwa sababu vinampima mtu kwa mwitikio wake na kwa mwitikio anaoupata.

Matokeo ni mazuri kiasi gani? Mfano unaonukuliwa sana ni wa Vitomir Kovanović na wenzake, mwaka 2016: jumbe 1,747 za wanafunzi 81 wa shahada ya uzamili, kozi ya uhandisi wa programu iliyofundishwa mtandaoni. Modeli yao, yaani programu iliyokwisha kufundishwa kwa mifano, iliainisha sawasawa asilimia 70.3 ya jumbe, kappa 0.63. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini mwaka 2019 Elaine Farrow, Johanna Moore na Dragan Gašević waliirudia kwa uangalifu zaidi, wakihakikisha kwamba hakuna dalili ya jumbe za kuipimia modeli inayovuja kuingia katika jumbe za kuifundishia, na kiwango kikashuka. Ukitaka kujua modeli yako inafanya nini kwa kundi jipya, ijaribu kwa kundi ambalo haijawahi kuliona hata ujumbe mmoja. Jumbe za kundi moja zinafanana. Watu wanaiga maneno ya wenzao. Ukizichanganya, modeli itaonekana hodari kwa sababu imekariri kundi.

Na hata kwa kiwango kile cha 2016, karibu ujumbe mmoja katika kila mitatu uliwekwa pasipo pake. Kwa kukuelekeza pa kusoma, kosa hilo linavumilika, maana unatazama kundi zima na makosa yanapunguzana. Kwa kumpa mwanachuo 6 badala ya 9 katika alama za kozi, halivumiliki, hasa kwa yule aliyeandika jumbe chache. Ukimpima mtu kwa jumbe saba, makosa mawili tu ya mashine yamemgeuza kuwa mtu mwingine.

Sasa Kiswahili. Programu nyingi za awali za Marekani na Ulaya zinategemea kuhesabu maneno: mara ngapi imetajwa "sisi", mara ngapi "kwa sababu", mara ngapi "labda". Kwetu nafsi haikai peke yake, imo ndani ya kitenzi. Mwanachuo anayeandika "tukiunganisha hoja zenu tutapata jibu" ametaja "sisi" mara mbili bila neno hilo kuonekana. Programu ya kuazima itakuambia kundi hilo halina umoja, kumbe limejaa.

Lakini hapo hapo ndipo tulipo matajiri, na watafiti wa kwetu hawajautumia utajiri huu vya kutosha. Kauli ya kutendana inatangaza wazi kwamba jambo limetokea kati ya watu: tumekubaliana, mnapingana, tusaidiane, hapa tunapishana. Viambishi vya masharti vinabeba dhana inayojaribiwa: "tungeanza na mzazi ingekuwaje?" Virejeshi vinamrudisha msomaji kwa msemaji aliyetangulia: "kama alivyodokeza Neema", "hapo ulipoishia", "hoja uliyoitaja juu". Ukiandika kanuni rahisi za utafutaji zinazokamata maumbo haya, bila akili mnemba yoyote, tayari unakuwa na chujio linalotenganisha sehemu kubwa ya mazungumzo ya kazi na yale ya kupanga muda. Mimi ningeanza hapo kabla ya kugusa modeli kubwa. Unaona kila kanuni inakamata nini, na ikikosea unajua imekosea wapi.

Mitego nayo ipo. "Kwani" linaweza kutoa sababu, linaweza pia kufungua swali la ukali: "Kwani nani alisema kipaji hakibadiliki?" "Sawa" linaweza kuwa kubali, linaweza kuwa kufunga mazungumzo, na katika mfano wetu wa pakacho lilikuwa mlango wa kupinga. Hili la kupinga kwa adabu ndilo gumu kuliko yote. Wanachuo wetu wengi hawaandiki "umekosea". Wanaandika "Kaka uko sahihi kabisa, ila naomba kuongezea kidogo hapo", kisha wanaibomoa hoja nzima. Mashine inayotazama maneno ya mwanzo inaiweka katika kukubali tu. Zile programu za kupima hisia ndizo zinazopotea zaidi: "samahani" na "pole" kwao ni huzuni, ilhali katika mjadala mara nyingi ni ishara kwamba mtu anakaribia kusema jambo zito. Katika kuainisha kwenu, wekeni kanuni kwamba ujumbe unahukumiwa kwa sehemu inayokuja baada ya "ila", "lakini" au "isipokuwa", na mhakikishe katika zile 300 kuna mifano ya kutosha ya aina hiyo.

Halafu kuna tahajia ya simu. "2kutane", "cjui", "xaxa", "hyo". Ile "2" imekula kiambishi cha "tu", na "c" imekula kikanushi cha "si". Tengeneza orodha ya kuzirudisha katika maandishi kamili kabla ya uchambuzi. Baada ya jumbe mia kadhaa utaona zinajirudia zile zile. Vitenzi vya kuchanganya kama "nimesubmit" na "tumediscuss" havisumbui sana, kwa sababu viambishi vyake vimebaki vya Kiswahili na kanuni zako zitavikamata. Ungekuwa unafundisha Nairobi ningekuonya zaidi, maana Sheng inabadilisha msamiati haraka kiasi kwamba orodha ya mwaka jana inachakaa.

Kuhusu zana zilizopo kwa lugha yetu: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kujenga mfumo wa kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili, uitwao SALAMA, na kutokana na kazi hiyo ikaja kopasi (mkusanyo mkubwa wa matini) ya Kiswahili ya Helsinki. Ni kazi kubwa, ila imelelewa zaidi na maandishi rasmi ya magazeti na vitabu. Kwa upande wa modeli za kisasa, XLM-R iliyotolewa na watafiti wa Facebook ilifundishwa kwa lugha 100, Kiswahili kikiwemo, lakini uzani si sawa: maandishi ya Kiingereza takribani gigabaiti 300, ya Kiswahili takribani 1.6. Mwaka 2022 ikatoka AfroXLMR, ambayo ni modeli hiyo hiyo iliyoendelezwa kwa lugha 17 za Afrika. Ningekuwa mimi, ningechukua hiyo na kuifundisha kwa jumbe zenu. Jua tu kwamba modeli hizi hukata maneno vipande kwa kufuata marudio, wala hazifuati mipaka ya viambishi vyetu. "Hatujakubaliana" ikikatwa vibaya, kanushi inaweza kufifia na ujumbe ukasomeka kama makubaliano. Jaribu kanushi makusudi: andika jozi thelathini za sentensi zinazotofautiana kwa kanushi tu, uone modeli inazitenganisha au la.

Sina budi kurudi kwenye pakacho. Vipimo vingi vya "kukaa kwenye mada" vinalinganisha maneno ya ujumbe na maneno ya kitabu cha somo. Kwa kipimo hicho, maji na pakacho havina uhusiano na nadharia ya Weiner, na mwanachuo aliyetoa hoja bora ya siku anaonekana ametoka nje ya mada. Wanachuo wanaofikiri kwa methali na tamathali ndio wanaoumia hapa, na kwa kadiri nilivyoona, wengi wao ndio wale wasiojiamini kwa Kiingereza cha vitabu. Kipimo cha mfanano wa maneno kisitumike kumshusha mtu.

Utaniuliza kuhusu ChatGPT na ndugu zake. Ndiyo, unaweza kuipa maelezo ya aina zako nne pamoja na mifano na kuiomba iainishe, na kwa Kiswahili inajitahidi kuliko modeli nyingi zilizotangulia. Masharti ni yale yale: ipime kwa jumbe mlizoainisha kwa mkono, kwa kappa. Uandike umetumia toleo gani na maelekezo gani, kwa sababu toleo likibadilika majibu yanabadilika. Chunga pia jambo moja nililoliona mara nyingi: inavutiwa na ujumbe mrefu wenye lugha safi. Siku hizi ujumbe mrefu wenye lugha safi unaweza kuwa umeandikwa na ChatGPT yenyewe, mwanachuo akaubandika. Hapa ile aina yako ya nne inakuwa silaha nzuri. Ujumbe wa kubandika una aya nne zilizonyooka, lakini haumtaji mtu, haushiki neno la mtu, hauko baada ya chochote. Usimshitaki mtu kwa hilo peke yake. Uliza tu kundi: nani amejibu hoja ya nani hapa?

Kuhusu kuzitoa data, kuna tofauti itakayokuamulia mengi. Moodle inahifadhi kila ujumbe pamoja na namba ya ujumbe unaojibiwa, na ukihamisha jukwaa katika faili la jedwali utaona safu hiyo. Kwa hiyo unajua nani alimjibu nani. WhatsApp ukihamisha gumzo inakupa faili la maandishi lenye tarehe, saa, jina na maneno, basi. Mtu alipobonyeza ujumbe wa mwenzake ili aujibu, alama hiyo haimo ndani ya faili. Ujumbe wa sauti nao unabaki jina la faili au taarifa kwamba media imeachwa, na katika makundi mengi sauti ndiyo inayobeba maelezo marefu. Kama muhula ndiyo kwanza unaanza, waombe wanachuo mjadala wa kesi ufanyike Moodle na WhatsApp ibaki ya kuitana. Kama wamekwisha kuhamia huko, waombe kwamba anayejibu aanze na jina la anayemjibu. Ni adabu nzuri ya mjadala hata bila kompyuta.

Sasa kuna kitu ambacho hakuna programu itakayokionyesha, nami nakuomba ukipe uzito kuliko yote niliyoandika juu. Ukimya katika data si ukimya wa mtu. Wanachuo wako wanakaa kwenye vimbweta. Watano wanakutana saa kumi jioni, wanabishana saa mbili, kisha mmoja mwenye bando anaandika Moodle: "Tumejadili, tumefikia yafuatayo." Kwenye jedwali lako huyo ni mchangiaji mkuu na wanne ni wasindikizaji. Mwingine anatumia simu ya mwenzake wa chumbani. Mwingine anaingia usiku wa manane kwa sababu bando la usiku ni nafuu, na hoja yake inakuta mjadala umefungwa. Hakuna aliyemjibu, na vipimo vya mwitikio vinamhesabu kama mtu asiye na ushawishi. Kabla ya kusema fulani anasindikiza, liulize kundi walikutana wapi na nani aliandika kwa niaba ya nani. Wape nafasi ya kuandika hilo katika kila kesi: mistari miwili, nani alikuwepo, hoja ya nani ilibadilisha mawazo ya kundi. Mistari hiyo miwili itakusaidia kuliko modeli.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mazungumzo ya wanachuo yenye majina na namba za simu ni taarifa binafsi. Waambie mapema unachambua nini na kwa nini, na uwape njia ya kukataa isiyowagharimu alama. Ondoa majina na namba, weka vitambulisho kama K07-C, kabla data haijatoka kwenye kompyuta yako, na majina yaliyotajwa katikati ya jumbe yabadilishwe kwa vitambulisho hivyo hivyo. Ukizituma kwenye programu iliyo nje ya nchi, umesafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na hilo lina masharti yake. Pitia kwanza kwa ofisi ya chuo inayoshughulikia utafiti na data. Sheria hizi pia zinamlinda mtu dhidi ya maamuzi mazito yanayofanywa na mashine peke yake, sababu nyingine ya kutoiachia alama. WhatsApp inahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa ndani ya kundi la somo kuna misiba, michango ya harusi, na mambo ya watu ambayo hawakuyaandika yasomwe na mwalimu. Mwache mwanakundi mmoja akate kipande cha mjadala wa kesi na kukutumia hicho tu.

Kwa muhula huu, ukitaka kuanza kesho: chagua kesi moja, si zote. Pata mwenzako wa kuainisha naye. Jumbe 300, kappa, rekebisha, jumbe nyingine 100 za kuhakikisha. Tumia kanuni za maumbo ya vitenzi kwanza. Ukiona hazitoshi ndipo uende kwenye AfroXLMR, na utafute kijana wa idara ya kompyuta anayejua Python, lugha ya kuandikia programu, wapo wengi na kazi hii inawafaa kwa mradi wa mwaka wa mwisho. Kila wiki kokotoa asilimia ya jumbe za aina ya nne (kuifanyia kazi hoja ya mwenzako) kwa kila kundi. Soma kwa ukamilifu makundi manne yaliyo chini kabisa na mawili yaliyo juu kabisa. Yale ya chini utembelee mjadala wao na kuuliza swali moja linalowalazimisha kushika hoja ya mwenzao, kwa mfano "Kati ya sababu hizi mbili za Rehema na Juma, ipi inaeleza kwa nini mtoto alifaulu miaka minne ya kwanza?" Usiwape orodha ya makundi bora na mabovu, wataanza kuandika "kama alivyosema mwenzangu" mbele ya kila sentensi na kipimo chako kitakufa ndani ya wiki moja.

Ongeza na kundi moja la saba, ulichague kwa bahati nasibu bila kutazama namba zake, ulisome ujumbe kwa ujumbe na kuliainisha mwenyewe kabla ya kuona mashine imesema nini. Hilo usiliruke hata wiki yenye mitihani, kwa sababu kwa hilo utajua modeli yako bado inawaelewa wanachuo wako au imeshaanza kuwakosea.